Fundo la Mizunguko Saba

Mjinga wa siku ile alikuwa Kirunda. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe hulisema mapema kila anapoihadithia, na mtu anayekiri kabla ya kushtakiwa huwa amewanyima wenzake utamu wa kumshtaki.

Ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Bunduki zilikuwa zimenyamaza Jinja, ila watu wengi walikuwa bado wanalala na viatu miguuni. Kirunda alikuwa na garaji nyuma ya soko: mabati manne juu ya nguzo sita, na kwenye mabati hayo matundu kumi na moja ya risasi. Mvua ikinyesha aliwahamisha wateja kutoka tundu hadi tundu kama mtu anayepanga wageni harusini. Kazi yake ilikuwa umeme wa pikipiki. Injini hakuitaka, breki hakuzitaka. "Injini ni ya wenye misuli," alikuwa akisema. "Umeme ni wa wenye akili."

Asubuhi hiyo lori la vitunguu kutoka Mbale lilisimama mbele ya garaji, na juu ya magunia kulikuwa na pikipiki nyeupe ya Kijapani, imelala kama mgonjwa. Kutoka kando ya dereva akashuka Nambozo. Alikuwa mkunga, na watu wa huko humwita kila anayetibu "musawo", awe daktari au mwenye kufunga vidonda tu. Kirunda alimwona, akafungua mikono.

"Musawo! Nilijua hutamaliza wiki mbili bila kuja kuniangalia."

"Sikuja kukuangalia wewe," Nambozo alisema. "Nimekuja kukuonyesha maiti yako."

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza Kirunda alibadilisha betri. Mara ya pili alibadilisha betri tena, pamoja na rektifaya, kile kidude chenye mapezi kinachogeuza umeme wa injini uwe umeme unaofaa betri. Kila mara alipomaliza aliipiga kiki, ikaitika, akaiendesha hadi Kimaka, hapo hapo Jinja, na kurudi, taa inawaka kama jicho la paka, honi inalia hadi kuku wanaruka. Akamkabidhi Nambozo kwa maneno mengi. Na kila mara pikipiki ilirudi na Nambozo kwao Mbale juu ya lori, ikafanya kazi siku moja mbili za safari fupi za mjini, kisha ikafa katikati ya mlima wa Wanale, mahali ambapo hakuna lori wala mtu wa kusukuma ila kina mama wanaoteremka na ndizi vichwani.

"Betri za siku hizi," Kirunda alianza, "zinapita mpakani Busia usiku zimejazwa maji ya mto badala ya asidi..."

"Betri ya tatu nayo ni ya mto?"

Kirunda akachukua kitambaa, akaanza kufuta plagi iliyokuwa safi.

Nambozo akaketi juu ya tairi kuukuu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti; wakunga wengi hawapazi, mwenye kupaza sauti huwa ni yule mwingine. "Sikiliza, bwana Kirunda. Mwezi uliopita hii kitu ilinizimikia chini ya kijiji cha pili. Nikaiacha porini nikapanda kwa miguu. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa saa nzima kabla, na mama yake alikuwa anatoka damu. Alipona, lakini si kwa sababu yangu. Sasa mzee Gidudu wa ofisi ya wilaya amechoka. Amesema leo, saa kumi jioni, atakuwa kwenye kituo chetu chini ya Wanale. Ikifika kwa magurudumu yake na kupanda mlima, inabaki kwangu. Isipofika, inavunjwa iwe vipuri vya zile mbili za mjini. Nikinyang'anywa hii, huko juu sitafika zaidi ya mara moja kwa mwezi."

"Itafika! Niachie saa moja tu, nichaji betri, nisafishe..."

"Hapana. Tia betri iliyojaa. Kisha tunakwenda Mbale, wewe na mimi, sasa hivi. Wewe ndiye utakayeendesha. Ikizima, wewe ndiye utakayesukuma."

Wenye vibanda vya jirani walikuwa wameshaacha kazi kusikiliza. Mmoja akauliza kama Kirunda atahitaji kubebewa maji ya kunywa njiani. Basi mtu angefanya nini? Betri mbili zilizojaa tangu jana zilikuwa pale mezani. Akachukua iliyo nzuri, akaifunga. Akalichukua sanduku la bati la mkunga, lenye glavu, wembe, uzi na dawa, akalifunga juu ya keria kwa vipande vya mpira wa tyubu. Mwisho wa kila kipande alitia fundo: mizunguko saba iliyobanana kama meno, kisha ncha inapita chini ya mizunguko yote na kutokea upande wa pili.

"Fundo hili," alisema, maana kinywa chake kilikuwa kimepona, "hulijui, musawo. Hapa Uganda tunalifunga wawili tu, mimi na Singasinga Gurdial aliyenifundisha, na yeye alifukuzwa nchini na Wahindi wenzake mwaka wa sabini na mbili. Kwa hiyo niko peke yangu."

"Ungefunga maneno yako hivyo hivyo," Nambozo alisema, akapanda nyuma.

Waliondoka saa mbili. Barabara ilikuwa na mashimo ambayo vifaru viliyaanza na mvua ikayamaliza. Iganga waliipita pikipiki ikiimba. Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi kijana aliwasimamisha, akafungua sanduku, akaona wembe na glavu, akafunga haraka kama mtu aliyeona mambo ya wakwe. "Pita, mama," alisema.

Njia nzima Kirunda alikuwa akiongea juu ya bega, akiwacheka mafundi watano wa Mbale walioishika pikipiki hiyo kabla yake. "Mmoja ameunga waya kwa mate! Mwingine amefunga plasta ya kidonda! Mjinga wa mwisho hata sijui alikuwa anatafuta nini."

Baada ya Bugiri aligusa honi kumfukuza mbuzi, na honi ikalia kama mbuzi mwenyewe, tena mwenye mafua. Kirunda akajifanya hakusikia. Nusu maili mbele injini ilianza kukohoa, silinda moja ikaacha kazi, nyingine ikaifuata kwa heshima. Wakasimama. Palikuwa kimya kabisa, mashamba ya muhogo kila upande.

"Fundi," Nambozo alisema kutoka nyuma, "hapa ndipo Kimaka?"

Pale ndipo Kirunda alipouona ujinga wake wote kwa mkupuo. Pikipiki hiyo haikuwa na haja ya kuchajiwa na injini kwa safari ya Kimaka na kurudi. Betri iliyojaa inaweza kuwasha plagi saa nzima na zaidi bila msaada wa mtu, kama mtu aliyekula vizuri jana anavyoweza kulima leo bila chakula. Kila alipoijaribu, alikuwa anapima shibe ya betri. Hakuwahi hata mara moja kuuliza kama kuna chakula kinachoingia. Na kule kwao Nambozo alikuwa akitembea mjini, akila akiba kidogo kidogo, hadi mlima unapomkuta sufuria tupu.

Akafungua sanduku la spana. Chini kabisa, ndani ya kopo la maziwa, kulikuwa na balbu ndogo ya indiketa iliyounganishwa na nyaya mbili kama miguu. Alikuwa hajaitoa miaka mingi. Gurdial alimpa asubuhi ile alipokuwa akiondoka na masanduku mawili na mke wake Ansuya... hapana, Ansuya alikuwa mke wa jirani. Mke wa Gurdial aliitwa Jasvinder, na ndiye aliyekuwa akilia. Gurdial hakulia. Alimwambia tu: "Kirunda, una masikio makubwa lakini umeme hauna sauti. Usiukisie. Uulize kwa taa." Kirunda aliuliza kwa taa miaka mitatu minne. Kisha akawa fundi mashuhuri, na fundi mashuhuri haulizi.

"Hiyo ni nini?" Nambozo akasema.

"Hii ni akili ya mtu mwingine," Kirunda alijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa akitania.

Waliiacha betri ipumzike, maana betri iliyochoka ukiipa nusu saa hukusanya nguvu kidogo, kama mzee baada ya chai. Kisha Kirunda aliuchomoa waya wa chaji pale unapoingia kwenye betri, akamwomba Nambozo apige kiki na kushika mafuta. Injini ikaitika kwa shida. Alishika mguu mmoja wa ile balbu kwenye fremu, mwingine kwenye mdomo wa rektifaya. Balbu ikawaka, na mafuta yalipoongezwa ikang'aa. Basi injini ilikuwa inapika. Akauhamisha mguu ule hadi kwenye ncha ya waya aliyoichomoa, waya ule ule mmoja, umbali wa mkono tu. Giza.

"Zima!" akasema. "Chakula kinapikwa, musawo, lakini kati ya jikoni na meza kuna mtu anakula. Huu waya umekatika katikati. Ngoja tumwone mjinga aliyeukata."

Aliondoa kiti, akaliondoa tangi. Bunda la nyaya lilipita juu ya fremu limevishwa gamba jeusi. Kirunda alilipapasa kwa vidole hadi palipovimba. "Ahaa! Ona! Mtu amepasua gamba, akaingiza kitu, akafunga upya. Kazi ya kijinga! Kazi ya mtu asiyejua..."

Akainama karibu zaidi.

Juu ya uvimbe ule kulikuwa na mpira wa tyubu, na mwisho wa mpira kulikuwa na fundo. Mizunguko saba, imebanana kama meno, ncha imepita chini na kutokea upande wa pili.

Alilifungua polepole. Ndani yake ilikuwemo swichi ndogo ya taa ya kitandani, na swichi ilikuwa imezimwa.

Hapa lazima turudi nyuma miaka miwili, kwa wale ambao hawakuwepo. Mwaka wa themanini na tano, wenye bunduki walikuwa wakiingia uani mwa mtu na kuondoka na pikipiki. Ukiiharibu isiwake, walikupiga hapo hapo hadi iwake au wewe uzime. Kirunda ndiye aliyebuni dawa. Alikata waya wa chaji na kutia swichi ya siri. Mwenyewe akitaka kusafiri, anaiwasha. Akiilaza nyumbani, anaizima. Mwizi akija, pikipiki inawaka vizuri kabisa, inamsalimia, inamchukua, na inamfia saa moja baadaye, mbali, mahali ambapo hawezi kumlaumu mtu ila betri. Mwizi huitupa kichakani. Kirunda alizifanyia dawa hiyo pikipiki zaidi ya thelathini, na kila mwenye mali alinong'onezewa peke yake, hata mke asijue, maana asichokijua mtu hakitoki hata akipigwa.

Akakwangua kwa ukucha rangi nyeupe ya ofisi ubavuni mwa fremu. Chini yake kulikuwa na kijani.

Kati ya zile alizozitia dawa, pikipiki ya kijani ilikuwa moja tu. Ya Bogere, seremala wa mtaa wa Walukuba.

"Umeona nini?" Nambozo aliuliza.

"Kutu," Kirunda akasema. "Kutu imekula waya. Ni mambo ya kawaida."

Nambozo alisogea. Aliutazama ule mpira uliofunguliwa, wenye alama za mizunguko ya fundo. Kisha akageuka, akalitazama sanduku lake juu ya keria. Akahesabu kwa kidole, saba. Akarudi, akahesabu, saba.

"Uliniambia uko peke yako," alisema.

Kirunda akaketi kwenye nyasi. Akamweleza yote, haraka, akijitetea kama mtu anayekimbia mvua. Kwamba alikuwa anaokoa mali za watu. Kwamba dawa ilifanya kazi, si unaona, mwizi aliitupa na serikali ikaiokota! Kwamba hakuna aliyejua itaishia wapi. "Si mimi, musawo. Ni vita vilivyokata waya huu."

"Vita havijui kufunga fundo, bwana Kirunda."

Kirunda akaitoa swichi kwenye waya. Akawa anaigeuza swichi kidoleni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mwenye hii aliitwa Bogere. Mimi nilipanga kila kitu: watakuja, watachukua pikipiki, watamwacha. Walimchukua yeye na pikipiki pamoja. Wakamwambia aendeshe, na hakurudi. Sikujua kama alipata nafasi ya kuiwasha swichi. Sasa naona hakupata: pikipiki iliwafia njiani, naye akiwa mikononi mwao." Akatazama barabara, upande wa Tororo kisha upande wa Jinja. "Tangu bunduki zinyamaze nimekuwa nikiwachekesha watu kwa hadithi ya dawa yangu. Hii sehemu sikuwahi kuihadithia."

Nambozo hakusema pole. Aliokota plaizi kwenye nyasi, akamwekea mkononi.

"Unga," alisema.

Kirunda akaunga. Alizisokota ncha mbili za shaba, akazivisha mpira, na mikono yake ilipofika mwisho ikataka kufunga fundo lile lile, haikujua jingine. Akalifunga. Swichi akaitia mfukoni. Kisha akaufanya mtihani tena kwa taa, na balbu ikawaka huku na huku.

Betri ilikuwa imebaki na pumzi moja tu. Nambozo akashika usukani mwenyewe. "Mimi nimesukuma mwaka mzima," alisema. "Leo ni zamu ya kabila lenu la mafundi." Kirunda alisukuma juu ya barabara ya Bugiri jua la saa sita likimpiga kisogoni, ulimi nje, hadi mteremko uliposaidia na injini ikashika. Akaruka nyuma. Kufika Tororo honi ilikuwa imerudi kuwa honi, na mwamba wa mji ule ulipopita kushoto kwao taa ya mbele ilikuwa inawaka mchana kweupe, maana Nambozo hakukubali kuizima.

Walifika kituoni zikiwa zimebaki dakika ishirini kutimia saa kumi. Mzee Gidudu alikuwa ameketi kwenye benchi, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni na karatasi gotini. Aliangalia saa, kwa masikitiko kidogo. Akasema wapande hadi ukingo wa kwanza na kurudi. Walipanda, Wanale ikiwa imesimama juu yao kama ukuta, maji yakimeta kwenye mwamba, na wakarudi injini ikivuma sawa na ilipoondoka.

"Vizuri," Gidudu alisema. "Ugonjwa ulikuwa nini? Hapa naandika ugonjwa. Ugonjwa usio na jina hurudi."

Kirunda alijua neno "betri" lingetosha. "Kutu" lingetosha zaidi. Alimwangalia Nambozo, ambaye alikuwa akifungua sanduku lake na hakumwangalia hata kidogo. Akaingiza mkono mfukoni, akaiweka swichi juu ya karatasi ya mzee.

"Ugonjwa ni mimi, mzee," alisema. Akaeleza: waya, swichi, mwaka wa themanini na tano, Bogere. Hakutia mzaha popote. Alikuwa hajawahi kusimulia jambo refu hivyo bila mzaha, na kinywa chake kilimwuma kama mguu uliovaa kiatu cha mtu mwingine.

Gidudu alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaifunika kalamu.

"Subiri. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeikata?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukasahau?"

"Nikasahau."

"Na mara mbili umeirudisha ukisema imepona, na haikupona?"

"Mara mbili."

"Sasa unataka niandike kwamba mtu aliyekata ndiye aliyeunga, na tumwamini!" Gidudu akamgeukia Nambozo. "Musawo, wewe ni mtu mzima. Pikipiki hii imepita mikononi mwa mafundi watano wa hapa Mbale, watu wenye vyeti, wanakaa Nkoma pale, nawajua kwa majina. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukiri kosa. Huyu anakuja kutoka Jinja na kosa mkononi, analiweka mbele yangu. Mlima mzima niukabidhi kwa fundi wa namna hii?"

Nambozo alikuwa ameshalifunga sanduku lake tena juu ya keria. Alilivuta fundo kulijaribu, likakaa. Akapanda, akapiga kiki, injini ikaitika mara moja.

"Hao watano wasio na kosa wote waliniacha nikisukuma, mzee Gidudu," alisema. "Huyu mwenye kosa ndiye wa kwanza kunifikisha. Tia sahihi, kuna mwanamke ananingoja huko juu."